"Shall" si utabiri, wala "may" si rungu

Wanafunzi wangu, kabla sijamlaumu mtu mwingine yeyote, nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, katika eneo la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, kiliniomba nikitafsirie katiba yake. Wanachama walikuwa wachuuzi wa samaki, wa vitenge na wa unga wa muhogo. Baadhi walizungumza Kikonzo, baadhi Kiganda, na baadhi walikuwa wamevuka mpaka na Kiswahili chao cha Kongo. Lugha iliyowakutanisha wote chini ya mwembe mmoja ilikuwa Kiswahili. Katiba yenyewe waliletewa kwa Kiingereza na watu waliowafundisha kuweka akiba. Ilikuwa na kurasa nne tu. Niliimaliza kwa jioni moja, nikapewa soda na shukrani, nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Sentensi mbili za katiba ile sitazisahau. Ya kwanza ilisema: "The treasurer shall read the accounts at every monthly meeting." Nikaandika: "Mweka hazina atasoma hesabu katika kila mkutano wa mwezi." Ya pili ilisema: "The committee may expel a member who misses three meetings." Nikaandika: "Kamati inaweza kumfukuza mwanachama atakayekosa mikutano mitatu." Ungekuwa mtihani wa shule, ningepata alama zote.

Baada ya miezi minane nilialikwa kwenye mkutano wao. Mweka hazina hakuwa amesoma hesabu hata mara moja. Mama mmoja muuza samaki alisimama akauliza kwa heshima hesabu zitasomwa lini. Mweka hazina akafungua nakala ya tafsiri yangu, akaweka kidole juu ya mstari, akasema: "Mama, kitabu kinasema 'atasoma'. Mimi nami sijakataa. Nitasoma." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea. Halafu, katika mkutano huohuo, likaja jina la bibi mmoja aliyekosa vikao vitatu kwa sababu alikuwa akimuuguza mumewe hospitalini. Alipojaribu kujieleza, mwenyekiti alimkatiza: "Bibi, si sisi, ni katiba. Imesema kamati inaweza." Bibi akafukuzwa. Akiba yake alirudishiwa kwa mafungu, baada ya kuzungushwa miezi miwili.

Tazameni kilichotokea. Neno lililokuwa zito katika Kiingereza, neno la kumfunga mwenye cheo, lilifika katika Kiswahili changu likiwa jepesi kama ahadi ya mdeni. Na neno lililokuwa jepesi, neno la kuiachia kamati nafasi ya kufikiri na kuhurumia, likafika likiwa rungu. Wajibu wa mkubwa ukageuka utabiri. Hiari ya mkubwa ikageuka hukumu juu ya mdogo. Na kalamu iliyofanya mageuzi hayo ilikuwa yangu.

Tangu siku ile nimekuwa na ugomvi na kanuni moja inayofundishwa katika madarasa yetu, na ambayo mimi mwenyewe niliifundisha kwa miaka mingi. Kanuni hiyo husema hivi: "shall" ni "will" ya wazee, kwa hiyo weka "-ta-", "may" ni "huenda" au "anaweza", chagua mojawapo. Wenzangu walimu watanisamehe, lakini kanuni hiyo ni uvivu. Humsaidia mwanafunzi kupita mtihani na kumwacha uchi mbele ya katiba ya nchi yake.

Anzeni na asili ya maneno yenyewe. "Shall" limetoka katika kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichokuwa na maana ya kudaiwa, kuwa na deni. Ndugu yake wa Kijerumani, "Schuld", hadi leo lina maana ya deni na pia ya hatia. "May" limetoka katika kitenzi kilichokuwa na maana ya kuwa na nguvu, na nguvu hiyo bado mnaiona katika neno "might" linapotumika kama nomino. Kwa hiyo mtunga sheria anapoandika "shall" anamtwisha mtu deni, na anapoandika "may" anampa mtu nguvu. Hakuna maneno mawili katika sheria yanayopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi ya haya, kwa maana utawala wote, tangu kikundi cha chini ya mwembe hadi ikulu, ni suala la nani ana deni na nani ana nguvu.

Kisarufi maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na ndiyo maana huchanganywa. Yote mawili ni vitenzi visaidizi vya namna ya pekee. Hayapokei "-s" katika nafsi ya tatu umoja, hayafuatwi na "to", hayana umbo la kitenzi-jina. Yote mawili hutangulia kitenzi kikuu na kukipaka rangi. Katika mazungumzo ya kawaida "shall" limebaki hasa katika maswali ya nafsi ya kwanza, na hapo ndipo Kiswahili kinapomtega mwanafunzi. "Shall I open the door?" kwa Kiswahili ni "Nifungue mlango?" "May I open the door?" kwa Kiswahili pia ni "Nifungue mlango?" Hali yetu ya kutaka, ile inayoishia na "-e", hubeba maswali yote mawili bila kulalamika. Tofauti hujitokeza katika jibu. Aliyeulizwa kwa "shall" hujibu "Ndiyo, fungua", kwa kuwa ameombwa aamue. Aliyeulizwa kwa "may" hujibu "Ruhusa", kwa kuwa ameombwa idhini. Ninyi mnaosema Kiswahili tangu utotoni mnazijua tofauti hizi kwa masikio. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaonyesha zinavyoandikwa.

Vitabu vya zamani havisaidii sana. Mwaka 1653 mtaalamu mmoja Mwingereza, John Wallis, alichapisha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, na humo akaeleza kanuni ambayo vitabu vya shule vimekuwa vikiirudia tangu hapo: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu na "will" huahidi au kutishia, katika nafsi ya pili na ya tatu kazi zao hubadilishana. Nimewaona wanafunzi wakiikariri kanuni hiyo kama kasida. Ikaririni mkipenda. Ila jambo moja ndani yake lina faida kubwa: katika nafsi ya tatu "shall" si utabiri. Na sheria huandikwa karibu yote katika nafsi ya tatu. Rais, waziri, hakimu, mweka hazina: wote ni "yeye". Kwa hiyo hata kwa kanuni ile ya karne ya 17, "the treasurer shall read" halikuwa tangazo la jambo litakalotokea. Lilikuwa deni lililowekwa shingoni mwa mtu.

Sasa tuje kwetu. Kiambishi "-ta-" ni kiambishi cha wakati ujao. Mvua itanyesha. Basi litachelewa. Timu yetu itashinda. Hakuna deni katika sentensi hizo, wala hakuna wa kushtakiwa mvua isiponyesha. Mtaniambia, na mtakuwa na haki, kwamba "-ta-" huweza pia kuamuru. Mama anapomwambia mwanawe, "Utakwenda dukani, utanunua chumvi, utarudi hapa," mtoto hasubiri kuona kama utabiri huo utatimia. Kweli kabisa. Lakini amri hiyo haimo katika kiambishi. Imo katika sauti ya mama, katika macho yake, na katika fimbo iliyo nyuma ya mlango. Andika maneno hayohayo katika karatasi, ondoa mama, ondoa fimbo, mpe karatasi mtu mzima mwenye cheo na tamaa, kisha uone kama atakwenda dukani.

Wapo watakaonijibu kwamba Tanzania, ambayo ina katiba kwa Kiswahili na uzoefu mkubwa kuliko sisi sote, huandika "atakuwa", "atateua", "kutakuwa na", na mambo huenda. Ni kweli huandika hivyo, na ni mapokeo ya heshima. Lakini mapokeo hayo hayasimami kwa miguu yake yenyewe. Tanzania ina Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ambayo kifungu chake cha 53 kinaeleza waziwazi kwamba "may" huachia hiari ya kutenda au kutotenda, na "shall" huweka jambo la lazima. Yaani ipo sheria nzima inayosimama nyuma ya mlango ikiwa na fimbo. Kikundi cha Mpondwe hakikuwa na sheria kama hiyo, wala kanuni za shule yenu hazina, wala katiba ya chama chenu cha vijana. Huko neno lazima lijitegemee. Na tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya kufasiri maelfu ya "shall" na "may" imekuwa kazi ya watu halisi wenye kalamu mkononi. Makosa yao hayatafukuza bibi mmoja tu.

Isitoshe, Kiswahili si maskini. Huwa nakereka sana nikisikia watu, tena wenye shahada, wakisema kwamba lugha yetu haina msamiati wa kisheria na kwamba Kiingereza kina uwazi ambao sisi hatuna. Uwazi upi? Waafrika Kusini, walipoandika Katiba yao ya mwaka 1996, waliona "shall" limejaa ukungu, wakaliacha na kuandika "must", ilhali katiba yao ya mpito ya mwaka 1993 ilikuwa imejaa "shall". Wenye Kiingereza chao wameshindwana nalo. Sisi tuna "lazima", tuna "sharti", tuna "hana budi", tuna "imempasa", tuna "wajibu". Mweka hazina sharti asome hesabu. Mweka hazina hana budi kusoma hesabu. Ni lazima mweka hazina asome hesabu. Kila moja ya sentensi hizo ingemnyima yule bwana kicheko chake. Ila jihadharini na mtego mmoja: msiandike "atapaswa kusoma" wala "atatakiwa kusoma". Hapo mmeutaja wajibu, halafu mmeuahirisha. Wajibu unaanza siku katiba inapotiwa saini, kwa hiyo andikeni "anapaswa".

Upande wa "may" ni mgumu zaidi, kwa sababu "-weza" letu lina nyumba tatu. "Anaweza kuogelea" ni uwezo wa mwili. "Mvua inaweza kunyesha" ni uwezekano. "Unaweza kuingia" ni idhini. Msomaji wa sheria huingia nyumba anayoitaka. Mwenyekiti wa Mpondwe aliposoma "kamati inaweza kumfukuza" aliingia nyumba ya kwanza, ya nguvu, akasahau kwamba aliyepewa nguvu ya kufanya amepewa vilevile nguvu ya kutofanya. Ndilo kiini cha "may" ya kisheria: lina pande mbili daima. Kwa hiyo lifasirini pande zote mbili. Andikeni "ina hiari ya kumwondoa au kumwacha". Andikeni "ikiona inafaa". Na inapokuwa ni uwezekano tu, tumieni "huenda", ambalo halimpi mtu yeyote mamlaka yoyote. Kuna na "may" ya dua, ile inayofungua wimbo wa taifa wa Uganda. Hiyo haitaki kitenzi kisaidizi chochote katika Kiswahili, yatosha hali ya kutaka, kama katika "Mungu abariki".

Ukanushaji nao una miiba. "Shall not" hukataza bila shaka yoyote, nasi tuna "asi-" na "ni marufuku". Lakini "may not" lina sura mbili. "The minister may not attend" linaweza kuwa "waziri haruhusiwi kuhudhuria", na linaweza kuwa "huenda waziri asihudhurie". Moja ni katazo, nyingine ni habari za ofisini. Mwanafunzi anayeziba pengo hilo kwa "hawezi kuhudhuria" amempa waziri udhuru wa ugonjwa.

Nimeanza na kikundi kidogo, sasa nipande hadi kwenye Katiba ya nchi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, ambaye wazazi wake walikimbia vita vya Kongo, aliniuliza darasani: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa Uganda tangu mwaka 2005. Mbona mama yangu akienda ofisini na Kiswahili chake anaambiwa atafute mtu wa kumfasiria?" Nilimpa jibu la kukwepa. Jibu la kweli liko katika Ibara ya 6, nami nawaomba mwisome kama wanasarufi.

Ibara ndogo ya kwanza, inayohusu Kiingereza, inatumia "is". Kiingereza ndicho lugha rasmi. Basi. Hakuna masharti, hakuna wakati ujao, hakuna anayesubiriwa. Ibara ndogo ya pili, iliyoingizwa na marekebisho ya mwaka 2005, inasema Kiswahili "shall be" lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge "may by law prescribe". Ibara ndogo ya tatu inasema lugha nyingine yoyote "may be used" mashuleni, katika utungaji wa sheria, katika utawala au mahakamani, kama sheria itakavyoelekeza. Vitenzi vitatu, ngazi tatu. Kiingereza kipo; Kiswahili kinadaiwa; lugha nyingine zinaruhusiwa. Na deni letu limefungwa mkia wa "may".

Kuna rafiki yangu wakili ambaye tumebishana sana juu ya mkia huo. Yeye husema: "Mwalimu, usijidanganye. Bunge limepewa 'may'. Likitaka litunge sheria, lisipotaka lisitunge. Na bila sheria hiyo 'shall' yako ni pambo." Nakataa, na nakataa kwa sababu ya sarufi. "May" katika sentensi ile halikukaa katika kishazi kikuu. Limekaa katika kishazi tegemezi, baada ya "such circumstances as". Kishazi kikuu kinasema Kiswahili "shall be". Kinachoachiwa Bunge ni kuchagua mazingira yapi. Halikuachiwa kuchagua kama kuwe na mazingira yoyote kabisa. Kiswahili chenyewe kinatuonyesha jambo hili vizuri. Baba akisema, "Sharti mtoto asome, katika shule atakayoichagua mama yake," je, mama ana hiari ya kumweka mtoto nyumbani kwa kuwa shule ni yeye wa kuichagua?

Wakili huyo, kwa haki, ndiye aliyenifundisha kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1880, kati ya Julius na Askofu wa Oxford, iliyofika hadi Baraza la Malordi. Muumini alitaka askofu alazimishwe kuchunguza mwenendo wa kasisi mmoja. Sheria ilisema "it shall be lawful" kwa askofu kuunda tume. Hapo, angalieni, "shall" limo, lakini maana yake ni ruhusa tu: ni halali kwake kufanya. Muumini alishindwa. Lakini Malordi wakaongeza neno ambalo mawakili wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza hulinukuu mpaka leo: kwamba yako mazingira ambapo nguvu hutolewa ikiwa imefungwa pamoja na wajibu, na mwenye nguvu hiyo hana budi kuitumia inapohitajiwa na wale ambao ilitolewa kwa ajili yao. Mimi nasema nguvu ya Bunge katika Ibara ya 6 ni ya namna hiyo. Rafiki yangu anasema mimi ni mwalimu wa lugha na si jaji. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Lisilokanushika ni kwamba mwezi wa Julai 2022, miaka 17 baada ya marekebisho yale, Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kikubaliwe kuwa lugha rasmi, na magazeti yakaitangaza kama habari mpya. Deni lilikuwa limeandikwa tangu 2005, na watu walipiga makofi kama kwamba mdeni ametoa zawadi. Makofi hayo ndiyo matunda ya kufundisha "shall" kuwa ni wakati ujao: "kitakuwa" kinaweza kubaki "kitakuwa" miaka mia, kwa kuwa wakati ujao hauishi.

Linganisheni na Kenya. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema lugha ya taifa "is" Kiswahili, na lugha rasmi "are" Kiswahili na Kiingereza. Wakenya hawakuandika deni. Waliandika hali iliyopo. Sisemi ofisi zote za Nairobi zinatii, lakini anayekataliwa fomu ya Kiswahili pale hana mkia wa "may" wa kuvuta.

Wala msidhani nadai kwamba sarufi pekee inaweza kumtoa mtu kitini. Kenya hiyohiyo inatupa funzo chungu. Katiba yake inasema vyombo vya kuchaguliwa "shall" visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Mahakama ya Juu, katika maoni yake ya Desemba 2012, ilisema kwa wingi wa majaji kwamba kanuni hiyo ilikuwa ya kutekelezwa hatua kwa hatua, ila sheria yake iwe imetungwa kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake, kwani yeye aliona deni lilikuwa limeiva tayari. Tarehe ikapita bila sheria. Katiba ilikuwa imeweka adhabu katika Ibara ya 261: Jaji Mkuu "shall" amshauri Rais kulivunja Bunge, na Rais "shall" alivunje. "Shall" mbili zimefuatana, hakuna "may" hata moja katikati. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alilipa deni lake, akatoa ushauri. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo kwa muda, Rais hakulivunja Bunge, na wabunge wakakaa hadi uchaguzi wa 2022. Hata hivyo, oneni tofauti: hakuna aliyethubutu kusimama hadharani na kusema "nitalivunja, sijasema lini". Walilazimika kwenda mahakamani kutafuta sababu. Neno zito halizuii uasi, lakini humlazimisha mwasi ajieleze.

Na kuna hila moja ya mwisho ambayo si ya "shall" wala "may", ila husafiri nazo: kauli ya kutendwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, Ibara ya 137, unasema Kiswahili "shall be developed" kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Kitaendelezwa. Na nani? Sentensi haisemi. Ni deni lisilo na mdeni. Kila mkionapo "shall be" likifuatwa na kitenzi cha kutendwa, tafuteni "na" yake. Isipokuwepo, ulizeni aliyeificha ni nani.

Katiba ya kikundi cha Mpondwe niliiandika upya, bila soda. Kifungu cha mweka hazina sasa kinasema: "Mweka hazina sharti asome hesabu katika kila mkutano wa mwezi, asiposoma, mkutano usiendelee." Kifungu cha kufukuza kinasema: "Mwanachama akikosa mikutano mitatu, kamati sharti imsikilize; baada ya kumsikiliza, ina hiari ya kumwondoa au kumwacha." Bibi hakurudi. Alisema amezeeka na hana haja ya vikundi tena, ila aliomba asomewe kifungu kipya mara mbili.

Zoezi la wiki hii. Chukueni kanuni za shule yenu, zile zilizobandikwa ukutani kwa Kiingereza, mpigie mstari kila "shall" na kila "may". Mhesabu: ngapi zinamfunga mwanafunzi, ngapi zinamfunga mwalimu? Ngapi zinampa nguvu mwanafunzi, ngapi zinampa mwalimu? Kisha mfasiri tano kati yake bila kutumia "-ta-" wala "-weza" hata mara moja. Mwenye ujasiri aongeze Ibara ya 6, ibara ndogo ya pili. Daftari sharti yawe mezani kwangu Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza.